Skuta inayogoma kuwaka: angalia inagoma wakati gani

Skuta inayosumbua asubuhi tu na skuta inayowaka vizuri nyumbani Mbagala, ikazimwa dakika kumi Kariakoo kisha ikakataa katakata, hazina ugonjwa mmoja. Hata hivyo zote mbili hupelekwa kwa fundi na maneno yaleyale, "haiwaki," na zote hubadilishiwa plagi, koili na CDI (kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche ya plagi) kwa mpigo. Mara nyingi pesa inakwisha na tatizo linabaki. Kabla ya kununua chochote, jua inagoma lini: ikiwa ya baridi, ikiwa ya moto, baada ya mvua, au baada ya kulala muda mrefu. Jibu hilo linakupunguzia zaidi ya nusu ya kazi.

Maelezo haya yanahusu hasa skuta za kabureta zenye injini ya GY6, cc 125 na 150, stroki nne, inayopozwa kwa feni. Vipimo vilivyotajwa ni vya injini hiyo. Skuta za Kijapani zilizotumika hufanana nayo kwa mambo mengi, ila vipimo vyao vitazame kwenye kitabu chake.

Kwanza sikiliza stata

Weka skuta kwenye stendi kubwa ili tairi la nyuma lisiguse chini. Washa swichi, shika breki, bonyeza stata, usikilize.

Kimya kabisa huku taa za dashibodi zinawaka: anza na swichi ya breki. Umeme wa stata hupita hapo, usiposhika breki stata haifanyi kazi, na swichi ikifa hata ukishika ni sawa na hujashika. Mwombe mtu aangalie taa ya nyuma. Kama breki ya kushoto haiwashi taa na ya kulia inawasha, tumia ya kulia kuwasha injini, kisha badilisha swichi ya kushoto. Skuta nyingine zina swichi ya pili kwenye stendi ya pembeni, inayozuia injini stendi ikiwa chini au swichi yenyewe ikijaa tope.

Kimya na taa hakuna: angalia fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15, karibu na betri. Halafu vichwa vya betri na mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye fremu. Hewa ya Dar ina chumvi, na kwa anayevuka kivuko cha Kigamboni kila siku kutu ya kijani kwenye viungo vya waya ni jambo la kutarajia. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi nyembamba kwa juu.

Tak-tak-tak ya haraka ni betri. Chukua mita. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8 skuta ikiwa imezimwa, na kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Kipimo cha kuamini zaidi ni kile unachosoma huku stata imebonyezwa: ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama taa zinawaka vizuri. Usiinunue mpya kabla hujapima chaji. Washa kwa kiki, vuta mafuta kidogo (yaani geuza mkono wa usukani), na mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, betri mpya nayo itakufa, kwa sababu tatizo liko kwenye regyuleta (kidhibiti cha chaji) au koili ya magneti (inayozalisha umeme injini ikizunguka).

Tak moja nzito na basi, huku betri ikiwa nzima, ni rilei ya stata (swichi inayoipelekea stata umeme) au stata yenyewe. Stata ikizunguka kwa sauti nyembamba kama feni na injini haizunguki, bendeksi (gia inayounganisha stata na injini) imekwisha.

Jambo moja linawapotosha wengi. GY6 nyingi zina CDI inayopata umeme wake kutoka koili ya magneti, si kutoka betri. Kwa hiyo betri dhaifu inanyima nguvu stata, haiondoi cheche. Skuta inayokataa stata lakini ikichapwa kiki mara mbili inawaka, usiguse kabureta yake.

Na usishikilie stata zaidi ya sekunde 5 kwa wakati mmoja. Ipumzishe kama sekunde 15. Stata ndogo hizi huungua haraka.

Stata inazunguka, injini haiwaki: toa plagi

Piga stata mara tatu au nne, kisha fungua plagi kwa spana ya 16. Plagi ya GY6 ni C7HSA au CR7HSA, uzi wa milimita 10. Iguse na uinuse.

Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Hangaika na tanki, paipu, chujio na kabureta, uache mambo ya umeme.

Plagi ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui. Aidha hakuna moto (cheche), aidha mafuta yamezidi, aidha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ni ndogo. Pima moto: ichomeke plagi kwenye kofia yake, ilaze ili chuma chake kiguse kichwa cha injini mahali pasipo na rangi, mbali na tundu lake maana tundu hilo linatema mvuke wa petroli, na upige stata. Cheche nzuri ni ya bluu, nene, na unaisikia ikilia. Ya njano, nyembamba, inayokuja na kupotea haitoshi, kwa sababu ndani ya silinda, chini ya mgandamizo, inapata shida zaidi kuruka kuliko hapo nje. Usipige stata huku kofia ya plagi ikining'inia hewani bila plagi, unaweza kuua CDI.

Hakuna cheche? Zungusha kofia ya plagi kinyume cha saa, itatoka kwenye waya kama skrubu. Kata nusu sentimita ya waya ule, maana ncha yake huoza ikawa nyeusi, kisha rudisha kofia kwa kuizungusha. Kofia nyingi zina kizuizi cha takriban omu 5,000 ndani. Mita isiposoma kitu, kofia imekufa. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu na ndicho kinachosahaulika. Baada yake chomoa soketi za CDI na koili, safisha pini zake, rudisha. Kisha ndiyo ujaribu CDI nyingine ya kuazima. Kuazima, si kununua, kwa sababu vifaa vya umeme vikishatoka dukani mara nyingi havirudishwi.

Pengo la plagi liwe milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi feki zipo nyingi mjini. Maandishi yake kwenye kauri hufutika kwa kucha na pengo lake limekaa upande. Unapoirudisha plagi, izungushe kwa mkono mpaka ikae, ndipo utumie spana: mpya kama nusu mzunguko, ya zamani kidogo tu. Kichwa cha injini ni aluminiamu. Uzi ukichunika, kazi ya dakika tano inakuwa kazi ya karakana.

Inagoma asubuhi, ikishawaka haina neno

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu zake tatu hufuatana hivi: jeti ya sailensa, tapeti, choki. Watu huanza na choki, na hapo ndipo wanapopotea. Asubuhi ya Dar hata mwezi Julai si ya baridi ya Makete, na injini nzima ya GY6 huwaka hapa kwa msaada mdogo sana wa choki.

Jeti ya sailensa ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na wakati inaunguruma bila kuvutwa mafuta. Tundu lake lina upana wa kama theluthi moja ya milimita. Petroli iliyokaa kwenye bakuli la kabureta inakauka na kuacha gundi ya njano, na gundi hiyo inaanza na tundu dogo kuliko yote. Dalili: inahitaji kuvutwa mafuta kidogo ndipo iwake, ikiwaka inazima ukiachia, baada ya dakika mbili inatulia, na barabarani inakimbia kama kawaida kwa sababu huko inatumia jeti kubwa.

Kuisafisha: zima, subiri injini ipoe, fungua skrubu ndogo chini ya bakuli na ukinge petroli kwenye chupa safi. Toa kabureta, fungua skrubu za bakuli. Utaona jeti kubwa katikati na pembeni yake, ndani ya shimo, jeti nyembamba ya shaba yenye mfereji wa bisibisi bapa. Tumia bisibisi inayojaa mfereji ule sawasawa, shaba ni laini. Ikitoka, inyanyue kuelekea mwanga wa mlango na utazame ndani yake. Tundu zima linaonekana kama nukta ya duara yenye ukingo mkali. Ukiona nukta imepinda, ina ukungu, au huoni kitu, umeshampata mchawi. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta, iache dakika kumi, kisha upepo wa kompresa. Ikishindikana, nyuzi moja ya shaba kutoka ndani ya waya mwembamba wa umeme inapita. Usitumie sindano wala waya wa chuma, unaongeza tundu na skuta itakuwa inakunywa mafuta maisha yake yote. Pulizia pia njia ya ndani jeti inamokaa, mpaka uone dawa inatokea upande wa koo la kabureta. Kusafisha jeti na kuacha njia ni kazi nusu.

Skrubu ya mchanganyiko ikiwa imeguswa, ikaze taratibu mpaka ikae bila kuibana, kisha ifungue mizunguko 2. Hapo ni pa kuanzia. Malizia injini ikiwa ya moto, ukitafuta mahali inapounguruma sawasawa.

Sasa tapeti. Valvu zikizidi kujilaza kwenye viti vyake, nafasi ya tapeti (upenyo mdogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma) inapungua mpaka inakwisha, valvu haifungi kikamilifu na mgandamizo unavuja. Mwenye skuta anaona kiki imekuwa nyepesi na kudhani ni jambo jema. Tapeti zinazolia zinasumbua masikio, lakini zilizobana kimya kimya ndizo zinazonyima injini kuwaka na mwishowe kuunguza valvu. Nafasi ya GY6 ni milimita 0.10, ya kuingizia na ya kutolea, injini ikiwa imepoa kabisa, yaani imelala usiku kucha. Fungua kava la juu la kichwa na kava la feni, zungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi ya injini. Tikisa roka kwa kidole: zote mbili zicheze. Zikibana, uko kwenye mzunguko wa kutolea, ongeza mzunguko mmoja kamili. Fila geji (bamba jembamba la kupimia upenyo) ya 0.10 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.15 isipite. Kaza nati huku umeshika skrubu isigeuke, kisha pima tena, maana kukaza nati mara nyingi kunabadilisha kipimo.

Fundi anayesema "skuta haipimwi tapeti" mpe mkono wa kwaheri.

Choki ya GY6 ni ya umeme, kikopo cheusi kidogo kwenye kabureta chenye waya mbili. Injini ikiwa ya baridi, sindano yake imejirudi ndani na njia ya mafuta ya ziada iko wazi. Injini ikiwaka, umeme unaipasha, sindano inatoka taratibu na kufunga njia hiyo. Itoe, pima urefu wa sindano, iunganishe na betri ya volti 12, na baada ya dakika 5 pima tena. Sindano isipotoka, na kikopo kikabaki baridi, choki imekufa ikiwa wazi, na hilo linatupeleka kwenye tatizo linalofuata.

Inawaka asubuhi, inakataa ikiwa ya moto

Choki iliyokufa ikiwa wazi inamwaga mafuta ya ziada muda wote. Asubuhi unafurahia inavyowaka. Mchana ukisimama kununua vocha haitaki tena. Plagi inatoka nyeusi yenye masizi makavu, eksozi inanuka petroli, na mafuta yanakwisha upesi.

Sindano ya boya (inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa) isipofunga inaleta dalili karibu zilezile. Skuta ikizimwa, petroli inaendelea kuingia kwenye bakuli, inafurika na kuteremkia kwenye injini. Njia ya kuiwasha ikiwa imelowa hivyo: vuta mafuta mpaka mwisho, shikilia, piga stata sekunde 5 bila kuachia, pumzika, rudia. Hewa nyingi inakausha silinda. Kuivuta na kuiachia, kuivuta na kuiachia, kama wengi wanavyofanya, kunazidisha.

Kagua pia valvu ya petroli ya tanki, ile inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Ina paipu mbili zinazoenda kwenye injini, moja nene ya petroli na moja nyembamba ya mvuto. Chomoa ile nyembamba na uangalie ndani. Ikiwa ina petroli, mpira wa ndani wa valvu umetoboka, na petroli inanyonywa moja kwa moja mpaka kwenye silinda. Hapo usiwashe kabla ya kunusa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, imwage yote na uweke mpya, takriban lita 0.8, baada ya kubadilisha valvu. Oili iliyoyeyushwa na petroli inasaga kamshafti kwa safari chache tu.

Ikikataa ikiwa ya moto na plagi ni kavu, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia "fyuu" ya hewa ikiingia na skuta ikawaka baadaye, tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba. Ikikataa na hakuna cheche kabisa, lakini ikipoa nusu saa cheche inarudi, shuku CDI au koili ndogo ya magneti inayotoa ishara. Foleni ya Mandela mchana ndiyo inayoziumbua hizi. Pima cheche palepale ilipogoma, kwa sababu ikifika kwa fundi imeshapoa na kila kitu kitaonekana kizima.

Baada ya mvua

Msimu wa masika na wa vuli mambo huwa mawili: maji kwenye umeme au maji kwenye petroli.

Kwa umeme, kausha kofia ya plagi, waya wake na koili. Raba ya kofia ikiwa imekakamaa na kupasuka, haizuii maji tena. Ukiiangalia gizani injini ikijaribu kuwaka na ukaona cheche ndogo zikitembea juu ya waya, umeme unakimbilia kwenye bodi badala ya plagi.

Kwa petroli, ile chupa uliyokinga kutoka kwenye bakuli iache itulie dakika kadhaa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama shanga zinazoviringika ukiinamisha chupa. Matone mawili yanatosha kuzuia kuwaka. Ukiyakuta, mwaga na tanki pia, usitosheke na bakuli.

Kama umepita kwenye maji ya Jangwani yakafika usawa wa sakafu ya miguu, usipige stata kabisa. Fungua kwanza chujio la hewa. Likiwa limelowa, toa plagi na uzungushe injini kwa kiki, maji yatoke kwenye tundu. Maji hayagandamiziki, na kulazimisha stata kunapinda koneti rodi (mkono unaoshika pistoni). Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Petroli ya chupa za barabarani nayo iangalie kwa jicho kali. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inagoma kuwaka injini ikiwa ya baridi, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe linapotea bila alama. Lenye mafuta ya taa linaacha doa la mafuta.

Imelala wiki kadhaa

Mara nyingi bakuli la kabureta limekauka tu. Kwa kuwa valvu ya tanki inasubiri mvuto wa injini, bakuli linahitaji stata nyingi kujaa, na betri iliyolala haina hizo nguvu. Chaji betri kwanza, au chapa kiki mara 15 hadi 20 bila haraka. Petroli ikiwa na rangi ya chai na harufu ya rangi ya mafuta, mwaga yote. Ukijua utasafiri mwezi mzima, fungua ile skrubu ya chini ya bakuli na ulimwage kabla ya kuondoka.

Mafuta yapo, moto upo, tapeti ziko sawa

Tazama mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini. Ukunje kwa mkono utafute nyufa. Injini ikifanikiwa kuwaka, nyunyiza maji kidogo kuuzunguka. Sailensa (muungurumo wa injini bila kuvutwa mafuta) ikibadilika, inavuta hewa hapo.

Kisha pima kompresheni, injini ya moto, mafuta yamevutwa mpaka mwisho. GY6 nzima hutoa bari 10 au zaidi. Chini ya bari 7 kuwaka ni bahati. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimekwisha. Isipopanda, ni valvu.

Skuta za injeksheni, kama PCX na NMAX, hazina kabureta wala jeti. Ukiwasha swichi unapaswa kusikia pampu ya tanki ikinguruma kama sekunde mbili kisha kunyamaza. Isiponguruma, anza na fyuzi na waya zake. Hizi pia zinahitaji betri nzima, kwa kuwa kompyuta na pampu yake vinaitegemea, na volti zikishuka sana stata inaweza kuzunguka bila injini kuwaka. Taa ya injini ikimweka, hesabu miweko yake, mirefu na mifupi, na umpe fundi hesabu hiyo kabla hajafungua kitu.